Kitabu cha Kufungia Shayiri

Ato Demelash, mwenyekiti wa mtaa wetu, ana tabia moja inayonichefua kuliko zote: akipita mbele ya maktaba huvua kofia. Huivua kama mtu apitaye kanisani, huinamisha kichwa kidogo, kisha huyo, anakwenda zake. Ndani haingii. Nimekaa nyuma ya meza ya mkutubi tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na sijamwona akivuka kizingiti ila siku alipoleta wageni kutoka Addis kupiga picha. Siku hiyo alikumbatia kamusi kifuani kama mzazi aliyetoka leba.

Hivyo ndivyo mji wetu wa Dessie unavyoheshimu vitabu, na heshima hiyo imenifika hapa kooni. Wanawake wa mtaani kwetu wakikuta karatasi yenye maandishi njiani huiokota, huibusu, huichomeka kwenye ufa wa ukuta isije ikakanyagwa. Baba akimwoza binti hujigamba, "Mwanangu huyu ni msomi." Ukimuuliza huyo msomi mara ya mwisho kusoma kitu kisicho na mtihani ilikuwa lini, anautazama mlima Tossa kana kwamba jibu litateremka na ukungu. Wanafunzi nao huja siku za mitihani tu, na wakipata wanachokitaka wanakinyofoa kwa wembe. Watu niliokuwa nikiwaheshimu ni wale wanaume wanaokaa juu ya mawe karibu na posta, wanakodi gazeti kwa muda mfupi, wanalisoma mpaka tanzia za ukurasa wa mwisho, wanalikunja vizuri na kumrudishia mwenyewe. Hao wana njaa ya kweli. Wengine wote wameshiba upepo.

Hao, na Emama Denkenesh.

Emama Denkenesh ni mzee kuliko wanawake wote wa mtaa wetu. Sote tunamwita Emama, yaani mama, hata Ato Demelash, ambaye hampi mtu heshima bila kujua atapata nini. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima mwenye watoto, katika chumba kile kile ambacho sasa ni maktaba, zamani zile serikali ilipowakusanya watu wazima jioni kwa ubao na chaki. Wenzake wote wamezisahau herufi. Yeye alizishikilia. Kila siku baada ya kahawa ya mchana huja, hukaa meza ya dirishani, huvaa miwani iliyofungwa kwa uzi, na husoma kwa kidole na kwa mdomo. Hunong'ona, lakini chumba ni kidogo na kila mtu humsikia. Wanafunzi wakilalamika mimi huwakata maneno: "Nyamazeni. Huyo anasoma, ninyi mnanakili."

Lakini na mimi nilikuwa na langu. Kitabu alichokisoma kilinikera.

Kiliitwa *Honi ya Kombolcha*. Kilikuwa kinene, karatasi zake rangi ya chai ya maziwa, na juu ya jalada palichorwa lori na mwanamke mwenye machozi makubwa kuliko macho. Sijui nani alikileta. Kilihusu mwanamke aitwaye Tiruwork, mwenye mgahawa kwenye mteremko wa kwenda Kombolcha, ambaye mumewe alikwenda na lori kuchukua chumvi bandarini Assab asirudi. Hayo niliyapata kwenye jalada la nyuma na kwenye minong'ono ya Emama, na niliona yananitosha.

"Emama, bado tu unamsubiri dereva wako?" nilikuwa nikimtania.

"Namsubiri, mwanangu. Wewe una haraka gani?"

"Nina vitabu vya maana pale juu. Historia. Vya watu waliofikiri."

"Walifikiri nini?"

"Mambo makubwa, Emama."

"Na Tiruwork je? Huyu hafikiri? Hata usingizi hapati kwa kufikiri." Na kidole kikaendelea na safari yake.

Siku moja chumba kilikuwa kimejaa, na kulikuwa na walimu wawili niliotaka wanione mtu wa maana. Nikamwambia kwa sauti: "Emama, achana nacho hicho. Hicho ni kitabu cha kufungia shayiri." Kwetu wachuuzi wa shayiri ya kukaanga huifunga kwenye karatasi yoyote, na karatasi wanayoipenda ni ya kitabu kisicho na mwenyewe. Chumba kizima kilicheka. Emama naye alicheka, akafunika mdomo kwa shuka yake nyeupe, kisha akageuza ukurasa.

Mvua za mwaka ule zilikuja na ubaya. Paa la maktaba lilikuwa limetoboka tangu mvua za mwaka uliotangulia, na nilikwisha kumwomba Ato Demelash mabati mpaka akaanza kupitia njia ya pili akiniona. Mwisho alileta kitu. Si bati. Bango. Limeandikwa kwa rangi nyekundu: KITABU NI HAZINA. Nililitundika darini pale palipovuja zaidi, na kusema kweli lilifanya kazi kwa muda, kisha maji yakalipasua. Mvua zilipokatika, rafu nzima za upande wa ukutani zilikuwa na kuvu, na chumba kinanuka kama soksi za mlinzi.

Dawa ya kuvu ni jua, na jua letu huja mwezi wa Hidar, kavu na lenye upepo. Shida ilikuwa mahali. Uani kwetu jua haliingii tena tangu lilipojengwa ghorofa la hoteli upande wa mashariki, hoteli ambayo Ato Demelash alikwenda kuikatia utepe. Jua lilibaki kwenye kona ya barabara tu, nje ya uzio, na kona ile watu wote wanaijua kazi yake.

Kila mwaka, siku ya kumi na mbili ya Hidar, nyumba zote hufagia na kutoa takataka barabarani, mtaa wetu kwenye kona ile, na kuzichoma, ili moshi uyachukue maradhi. Inasemwa zamani ilikuja homa iliyoua watu mpaka wazikaji wakakosekana, na moshi ndio ulioifukuza. Mimi nimesoma. Nilikuwa naicheka desturi hiyo kila mwaka huku nakohoa. Tarehe niliijua. Niliwaona watu wakifagia tangu alfajiri. Lakini jua lilikuwa limetoka la kufaa, nami nikasema jua ni jua, siwezi kungoja wajinga wamalize ujinga wao.

Siku iliyotangulia nilikuwa nimepita mezani kwa Emama kuvikusanya vitabu vyenye kuvu. Chake kilikuwa nacho mgongoni, kijani.

"Nipe nikianike, Emama. Kitakutia kifua."

"Zimebaki kurasa chache, mwanangu. Lori limepiga honi."

"Lori gani tena?"

"Siku ya harusi! Tiruwork anaolewa na fundi cherehani. Watu wamekaa, injera imetandazwa, padri amefika. Nje, lori limepiga honi." Aliniinulia uso, na macho nyuma ya ile miwani yalikuwa ya msichana. "Niache nione kama anatoka."

"Honi itapigwa mpaka kesho kutwa, haiendi mahali. Lete."

Akanipa. Alinipa kwa mikono miwili, kama wanavyotoa watu wa umri wake.

Basi nikavitandaza kwenye magunia pale konani, vimefunuliwa, na cha Emama nikakiweka juu ya rundo kwa kuwa kilikuwa kibichi zaidi. Nilijiambia: mtu yeyote mwenye macho anajua kutofautisha kitabu na takataka. Ndivyo nilivyojiambia, na maneno hayo mpaka leo yananiwasha kuliko moshi.

Kabla jua halijafika utosini, tarumbeta ya chama cha kuzikana ikalia na mpigaji akapita akitangaza: mama yake mwenye duka la viatu amefariki, wote msibani. Kwenye chama chetu msiba hauulizi una kazi gani. Nikafunga mlango wa maktaba, nikaviacha vitabu na jua lao, nikaenda kumenya vitunguu chini ya hema.

Tulimenya vitunguu kutwa. Wanawake wakazungumza, kama ilivyo kawaida, misiba ya watu wengine. Mmoja akasema, "Mwenye bahati ni huyu aliyekufa akaonekana. Masikini Emama Denkenesh, mumewe hajawahi kupigiwa hema." Ni kweli. Mume wa Emama alikuwa dereva wa njia ya Assab. Alitoka asubuhi moja wakati wa vita na mpaka leo hakuna aliyeleta maiti wala habari, na chama cha kuzikana hakimpigii hema mtu ambaye hakuna ajuaye kama amekufa. Kila mtu mtaani anajua hilo. Hata mimi nililijua, nikatikisa kichwa pamoja nao, nikachukua kitunguu kingine.

Moshi ulikuwa umeanza kupanda kila upande wa mji. Nikasema kwa sauti, "Watatuua hawa kabla ya hiyo homa." Wakacheka. Ningejuaje moshi upi ni wangu?

Nilirudi jua likiwa limeinama. Pale konani moto ulikuwa umeshatulia, na nusu ya mtaa imeuzunguka. Toyba, mama wa kahawa ambaye kibanda chake kinatazamana na maktaba, alikuwa ametoa vikombe nje na anamimina. Walinishangilia.

"Etiye Aregash! Njoo uote moto!"

"Sogeeni, mpeni dada nafasi!"

Magunia hayakuwapo. Kwenye majivu niliona mgongo wa kitabu, mweusi, herufi za dhahabu bado zinang'aa kidogo. Ato Demelash akainuka, kofia mkononi.

"Bibi Aregash, leo umetupa mfano," akasema. "Nilikuwa nawaambia hawa, oneni maktaba. Imetoa uchafu mwingi kuliko nyumba zote za mtaa."

Sikumwelewa mara moja. Kisha nikamwelewa.

"Uchafu gani?"

"Si ule uliouweka. Ulikuwa unanuka, Bibi, pole lakini ukweli usemwe. Kuvu tupu. Hiyo hasa ndiyo inayoleta maradhi."

"Niliviweka vikauke."

Toyba aliinua birika akasahau kulishusha.

"Niliviweka vikauke! Mmewahi kuona takataka zimepangwa? Zimefunuliwa kurasa mojamoja? Nani kati yenu hufunua takataka zake zipate jua?"

"Sasa, Bibi, tarehe ya leo..."

"Usinitajie tarehe! Nilikuomba bati, ukaniletea bango. Kama ningekuwa na paa vitabu vingekuwa barabarani? Unavua kofia mlangoni kwangu kila siku ya Mungu, halafu unakwenda kuota moto wa vitabu vyangu!"

"Chunga ulimi wako, Bibi."

"Nimeuchunga, ndiyo maana paa linavuja! Nani aliwasha?"

Watu wakaanza kutazama vikombe vyao.

"Nimeuliza nani aliwasha. Au moto umeshuka mbinguni?"

"Sote tu, Etiye," mtu mmoja akasema nyuma. "Ni wa mtaa."

"Sote ni jina la nani? Nionyesheni huyo Sote nimshike koo!"

Toyba alinijia, akanishika mkono wa sweta. "Basi, dada yangu. Basi. Tulijua ni wewe umevitoa. Nani mwingine angethubutu kutoa vitabu vya maktaba? Tulisema, huyu ndiye anayejua kipi kizuri na kipi kibovu. Akitoa, amechagua."

Nilimkung'uta mkono. Nikachukua reki ya mtu nikaanza kupekua majivu, nalia kwa hasira, sema nilikuwa nasema ni moshi. Nilichokipata ni furushi moja la karatasi lililoungua kingo zote, limekaa katikati ya mafungu mengine ndiyo maana likapona. Rangi ya chai ya maziwa. Niliposoma mstari wa juu nikaona jina la Tiruwork. Ilikuwa sehemu ya katikati ya kitabu, ambayo Emama alishaipita zamani. Mwisho wake ulikuwa umekwenda na moshi.

Kesho yake sikufungua maktaba. Nilitoa kiti nikakaa mlangoni, na kila aliyepita nilimpa lake. Ato Demelash alipitia njia ya pili. Mwenye duka la viatu, maskini, na msiba wake, nilimwuliza kama alikuwepo. Nilitaka mtu mmoja. Nilitaka uso mmoja wa kuuchukia, kwa sababu kuuchukia mtaa mzima kunachosha.

Toyba akavuka barabara na kikombe cha kahawa ambacho sikukiomba. Akakiweka chini mbele yangu.

"Acha kuuliza, Etiye."

"Siachi."

"Wewe umekulia hapa. Kaa la kwanza hupewa nani?"

Mtaa wetu una desturi yake: kaa la kwanza la Hidar hutupwa na mwanamke mzee kuliko wote, kwa dua. Nililijua hilo tangu nikiwa mtoto, na tangu jana nilikuwa nimemsaili kila mtu bila kulikumbuka.

"Alisimama pale," Toyba akasema. "Akasema, maradhi na yapite na moshi huu, yasijue njia ya kurudi. Akatupa kaa. Halafu akaenda kwake. Hata kikombe cha tatu hakunywa, kile cha baraka. Lini umemwona Emama anaacha cha baraka?"

"Hakuona alichokichoma."

"Macho yake hayo, angeona nini? Ndiyo maana watu wamekufumbia mdomo. Tukwambie nini? Kwamba mzee wa watu amechoma kitabu chake kwa mkono wake mwenyewe? Na nani atakwenda kumwambia? Mimi siendi. Nenda wewe, wewe ndiye unayejua kusema."

Sikwenda. Nilifungua mlango, nikafagia kilichofagiwa, nikatafuta uongo. Nilipata mzuri: kitabu bado hakijakauka. Uongo huo ungenipa siku chache, na katika siku hizo ningepata nakala nyingine, au Emama angesahau, ingawa sijawahi kumwona amesahau kitu.

Baada ya kahawa ya mchana akaja. Alikaa meza yake ya dirishani, akavaa miwani, akaweka mikono juu ya meza tupu.

"Emama," nikasema, "kile kitabu chako bado kibichi. Jua la jana halikutosha."

"Aregash."

Hakusema mwanangu. Nimemjua tangu napakatwa, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniita jina tupu.

"Mimi ni mzee. Si mjinga."

"Emama..."

"Nilikiona. Kilikuwa juu kabisa. Lile lori naliona hata nikifumba macho. Nilisimama na kaa kwenye koleo, watu wote wananingoja, moshi wa chetezo unaniingia puani. Nikasema moyoni, mbona amekitoa? Jana tu amenichukulia. Halafu nikakumbuka." Alivua miwani. Nilidhani ni huzuni mpaka nilipouona mdomo wake. Alikuwa amekasirika kuliko mimi. "Nikakumbuka uliniambia ni cha kufungia shayiri. Ulisema mbele za watu. Nikasema, basi huyu ndiye ajuaye vitabu, serikali imemweka hapo kwa kazi hiyo. Kama yeye amekitupa, ni takataka. Mimi nimekaa dirishani miezi yote hii nalia juu ya takataka. Mzee mzima. Nikaona aibu. Nikatupa kaa."

Nilitaka kiti. Kiti kilikuwa nyuma yangu na sikukiona.

"Hakikuwa takataka, Emama. Nilikianika tu. Nakuapia."

"Hakikuwa?"

"Hakikuwa."

"Kwa hiyo kilikuwa kizuri."

Nilizigeukia rafu, naye aliliona hilo. Aliinamia meza.

"Haya. Kama kilikuwa kizuri, niambie. Alitoka? Honi ilipolia, Tiruwork alitoka nje au alikaa na fundi wake? Nani alikuwa kwenye lile lori?"

Vitabu vyote vilivyonizunguka vilikuwa vinanitazama, na miaka yote niliyokaa nyuma ya meza ile. Nilimtukana mwenyekiti kwa kuvua kofia bila kuingia. Niliwatukana wanawake wanaobusu karatasi wasiyoisoma. Nyani haoni kundule.

"Sijui," nikasema.

"Umesahau?"

"Sikukisoma, Emama. Sijawahi kukifungua."

Nje Toyba alikuwa akitwanga kahawa. Halafu Emama akapiga meza kwa kiganja, pa! Na mwanafunzi pekee aliyekuwa ndani akakusanya daftari zake akatoka.

"Hukukisoma! Ukacheka! Ukawachekesha walimu! Mimi nimekichoma kwa sababu nilikuamini, na wewe hata jalada hukulifungua! Ningejua hujakisoma ningekiokota pale pale, na kaa hilo ningemtupia Demelash kwenye kofia yake!"

"Nisamehe, Emama."

"Sikusamehe. Leo sina nafasi ya kukusamehe. Nimemngoja yule mtu na lori lake." Hakusema ni yupi, na sikuthubutu kuuliza. "Jana wamemzika mama wa mwenye viatu. Hema, wali, watu wakalia. Vizuri. Mimi angalau yule Tiruwork ningejua mumewe alirudi au hakurudi. Mmoja wetu angejua."

Nilikwenda kwenye droo nikatoa lile furushi lililoungua. Nililiweka mbele yake kwa mikono miwili. Alilinusa, akageuza majani kwa ncha ya kidole, masizi yakampaka.

"Hii ni ya katikati," akasema. "Nimeshaisoma."

"Najua."

Akalisukuma kwangu. "Wewe hujaisoma. Kaa."

"Emama, nina..."

"Kaa, nimesema! Soma. Kwa sauti, nisikie kama unasoma au unanakili."

Nikakaa. Nikasoma. Mwanzoni nilisoma kwa aibu, kwa sauti ya mtu anayejisomea shtaka lake. Pale palipoungua Emama alijazia kwa kichwa, bila kusita, na mahali pengine alinirudisha: "Usikimbie. Hapo anakoroga kitoweo, hakimbii." Tiruwork alikuwa akisikia kila lori kwenye mteremko na kulijua kwa breki zake. Alikuwa amejifunza kutomwuliza dereva yeyote swali moja kwa moja. Alimwekea chakula, akamtazama anavyokula, kwa kuwa mtu aliyebeba habari mbaya hali chakula kama wengine. Sikutegemea kuvutwa nacho. Nilisoma mpaka jua likahama dirishani, nikafika kwenye jani la mwisho la furushi, ambalo lilikatika katikati ya sentensi: fundi cherehani amekuja na nguo aliyoishona mwenyewe, anaiweka mezani, Tiruwork anainua mkono na

"Na nini?" nikauliza. "Aliichukua?"

Emama akanisimulia. Alisimulia polepole, huku anachora meza kwa kidole chenye masizi: jinsi alivyoikataa ile nguo, kisha akaipokea, barua iliyopotea, mwaka wa njaa, mpaka siku ya harusi, watu wamekaa, injera imetandazwa, padri amefika. Na nje lori likapiga honi.

"Ehe?" nikasema.

"Ehe nini?"

"Akatoka?"

Emama alifunga miwani yake, akaiviringa kwenye kitambaa, akainuka kwa kushika meza.

"Sasa umejua inavyouma," akasema. "Nenda kakitafute."

Ninakitafuta. Nimewaandikia wauza vitabu wa Addis, nimeuliza Kombolcha kwenyewe, hakuna anayekijua. Kwa hiyo sasa wachuuzi wote wa shayiri mjini Dessie wananijua mimi. Nanunua, namimina shayiri kwenye mfuko wa sweta, nakunjua karatasi nasoma pale pale nimesimama barabarani, na watu wanacheka, na wakicheka sana nawatukana. Ato Demelash alinipita juzi nikiwa katika hali hiyo. Alianza kuvua kofia, akaona ninavyomtazama, akairudisha kichwani. Bati bado hajaleta.

Emama huja baada ya kahawa ya mchana kama zamani. Amenikubalia kitabu kingine, kwa sharti kwamba nikisome mimi kwanza, nami nakisoma. Lakini hakai chini kabla hajaniuliza, na hanisalimu kwanza.

"Ametoka?"

"Bado, Emama."